Tamasha la filamu likiangaliwa kutoka chumba cha mitambo

Wiki za kawaida, chumba cha mitambo cha ukumbi wa sinema hapa Dar hakina hekaheka. Filamu kubwa ya Marekani au ya India imeingia, imepakiwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoilisha projekta, na itaonyeshwa hiyohiyo mara kadhaa kwa siku mpaka watazamaji wapungue. Wiki ya tamasha la kimataifa ni habari nyingine kabisa. Ukumbi uleule unapokea filamu kutoka nchi kumi au ishirini, kila moja imekuja na umbo lake, sauti yake, lugha yake na masharti yake, na nyingi zitaonyeshwa mara moja tu. Ikiharibika hiyo mara moja, basi. Mwongozaji aliyesafiri kutoka Dakar au Tehran atarudi kwao hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kupokea filamu hizo, kuzikagua na kuhakikisha mtazamaji wa siti ya nyuma kabisa anaona na kusikia kile alichokusudia aliyeitengeneza. Kila mwaka nagombana kwa jambo lilelile: nataka kila filamu itestiwe ndani ya ukumbi wenyewe, kwenye skrini ileile, kabla ya siku yake. Waandaaji huniambia wameshaiangalia kwenye kompyuta na haina tatizo. Naomba nieleze kwa kirefu kwa nini jibu hilo halitoshi.

Filamu ya ukumbini si faili la video kama lile unalotumiwa kwenye simu. Ni kifurushi kiitwacho DCP. Ndani yake kila fremu ni picha inayojitegemea, fremu 24 kwa kila sekunde, sauti imewekwa kando bila kubanwa, na kuna orodha inayotaja kila faili pamoja na alama yake ya uhakiki. Filamu ya dakika 100 ina fremu 144,000. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni megabiti 250 kwa sekunde, maana yake filamu hiyo ikifika kwenye kikomo inakaribia GB 190. Nyingi huwa nyepesi kuliko hapo, lakini piga hesabu: kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, mzigo wa GB 190 unahitaji karibu saa 21 za kupakua bila kukatika. Mtayarishaji anayekutumia kiungo Ijumaa mchana kwa onyesho la Jumamosi jioni amekuweka roho juu. Ndiyo maana bado napenda diski ije kwa mkono, ndani ya sanduku lake, iwe mezani kwangu wiki nzima kabla.

Seva ikipokea kifurushi inalinganisha kila faili na ile alama ya uhakiki. Faili likiwa limeathirika njiani, hata kidogo, linakataliwa. Huo ni ulinzi mzuri, lakini seva haijui kama maandishi ya tafsiri ni ya filamu hii au ya toleo lingine lililokatwa tofauti. Haijui kama sauti ya spika ya kati, inayobeba mazungumzo, imepelekwa kimakosa upande wa kushoto. Kwenye kompyuta yenye spika mbili ndogo huwezi kugundua. Ukumbini unagundua dakika ya kwanza: midomo iko katikati ya skrini, maneno yanatoka pembeni kushoto.

Mafundi wa zamani walikuwa na bahati moja ambayo sisi hatuna. Dar haikuanza sinema jana. Katikati ya jiji palikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na Cameo, na kule Msasani palikuwa na Drive-in, watu wanaingia na magari yao. Eneo bado linaitwa Drive-in, ingawa pale pamejengwa Ubalozi wa Marekani. Fundi wa enzi hizo alishika filamu mkononi. Utepe wa milimita 35 ulikuja kwa mafungu ya takriban dakika 20, projekta zilikuwa mbili zikipokezana, na fundi alikodolea macho kona ya juu ya picha kusubiri alama ya kubadilisha. Utepe uliochanika aliuhisi kwa vidole wakati wa kuukagua. Faili halihisiki. Linaonekana zima mpaka dakika linapogoma, na dawa yake ni kuliendesha mapema.

Sasa nije kwenye ufunguo, maana hapo ndipo matamasha mengi huumia. Wasambazaji huifunga filamu kwa msimbo ili isiibwe, na wanakutumia ufunguo uitwao KDM. Ni faili dogo, linakuja kwa barua pepe. Ufunguo huo umetengenezwa kwa ajili ya seva moja tu, kwa kufuata cheti cha seva hiyo, na una saa ya kuanza na saa ya kuisha. Ukiona watu wamefurika ukaamua kuhamia ukumbi mkubwa wa pili, ufunguo wako haufai tena. Fundi akibadilisha kifaa kilichoharibika ndani ya seva usiku wa manane, kuna uwezekano funguo zote za wiki zikawa takataka asubuhi.

Halafu kuna suala la saa. Dar iko mbele ya saa ya dunia, ile ya UTC, kwa saa tatu. Tamasha moja wageni wameshaketi, taa zinakaribia kuzimwa, kijana wa zamu akaniita.

"Kaka, filamu ipo, ufunguo upo, lakini imegoma."

Nikafungua lile faili. Ufunguo unaanza kufanya kazi saa 19:00, ila kwa saa ya UTC. Yaani saa nne usiku kwetu, na onyesho letu lilikuwa la saa moja. Msambazaji aliandika ile 19:00 tuliyompa bila kuangalia ni 19:00 ya wapi. Tulipiga simu, tukatumiwa ufunguo mpya, watu wakasubiri kwa uvumilivu mkubwa, na mazungumzo na mwongozaji yaliyopangwa baada ya filamu yakafutwa kwa kukosa muda. Lililoniuma zaidi ni hilo la mwisho, kwa sababu watu wa Dar walikuja na maswali yao.

Tangu hapo masharti yangu hayabadiliki: ufunguo uanze kufanya kazi siku mbili kabla ya onyesho. Ukianza siku ileile, fundi hana namna ya kuijaribu filamu, hata kama diski imekaa mezani mwezi mzima. Na kwa filamu ndogo za tamasha nawasihi watayarishaji wetu wasizifunge kabisa. Filamu fupi ya mwanafunzi wa Dar haikabiliwi na hatari ya wizi inayolingana na hatari ya kutoonyeshwa.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni mwanga. Kipimo cha kimataifa kwa skrini nyeupe ni kandela 48 kwa mita ya mraba, zikipimwa katikati. Kumbi si chache ziko chini ya hapo. Taa ya zenoni, ile inayowaka ndani ya projekta, hufifia kadiri saa zake zinavyosonga, na mwenye ukumbi anayebana matumizi huiacha imalize pumzi. Mara nyingine kifaa cha filamu za 3D kimeachwa mbele ya lenzi wakati filamu inayoonyeshwa ni ya kawaida, na mwanga mwingi unapotelea hapo. Filamu ya katuni inavumilia, kwa sababu rangi zake ni kali. Filamu ya Kiafrika yenye matukio ya usiku haivumilii.

Chukua tukio la kawaida kabisa: watu wawili wameketi barazani usiku, chemli iko sakafuni kati yao. Mpiga picha amehangaika ili mwanga wa ile chemli upande taratibu kwenye shavu la mama anayesikiliza. Kwenye skrini yenye mwanga kamili unaona jasho juu ya mdomo, unaona misuli ya taya ikikaza kabla hajasema neno, unaona rangi ya ngozi yake ni tofauti na ya mwanawe. Punguza mwanga theluthi moja, uso wote unageuka doa jeusi lenye macho. Mwigizaji ameigiza, na kazi yake haikufika. Mtazamaji anatoka akisema filamu zetu zina giza, wakati giza lilikuwa la ukumbi. Kwa hiyo kabla ya tamasha lolote napita na kipimo, na skrini isipofika kiwango nadai taa mpya, au filamu zenye usiku mwingi zihamishiwe ukumbi mwingine. Kwa hili sikubali maelewano.

Umbo la picha nalo lina mambo yake. Kuna umbo la pikseli, yaani nukta za picha, 1998 kwa 1080 na kuna lile pana la 2048 kwa 858. Filamu za zamani zilizokarabatiwa, na Afrika tunazo nyingi zinazorudi sasa, mara nyingi huwa karibu za mraba. Fundi akikosea mpangilio, vichwa vinakatwa. Hilo linarekebishwa kwa kubonyeza kitufe, mradi ligundulike asubuhi badala ya mbele ya watu.

Sauti inahitaji mtu akae kwenye kiti. Kipimo rasmi kiko kwenye namba 7 ya kidhibiti, lakini kumbi za kibiashara huishusha hadi 5 au pungufu, maana matangazo na vionjo vya filamu vinatengenezwa kwa kelele na wateja hulalamika. Sasa weka hapo filamu ya taratibu ambayo baba na binti wananong'ona kwa dakika nne. Viyoyozi vya Dar havipoi kuunguruma, na masika mvua ikipiga kwenye paa, yale manong'ono hayasikiki kabisa. Mimi hukaa safu ya tatu kutoka nyuma, nachagua tukio tulivu kuliko yote, naandika namba ya sauti kwenye karatasi ya filamu hiyo. Kila filamu na namba yake. Umeme ukikatika, nataka betri ya akiba ishikilie seva na feni za projekta, kwa sababu taa ya zenoni iliyo moto haipendi kuachwa bila feni, na seva iliyozimika ghafla hula dakika nyingi kuamka.

Kuna dhana kwamba watu wa mitaani hawawezi filamu za nje zisizo za kupigana. Siiamini. Jiji hili limeangalia filamu za Kihindi na za Hong Kong kwa miongo, na mabanda ya video yalijaa watu wakimsikiliza marehemu Lufufu akizisimulia kwa Kiswahili, sauti moja ikibeba wahusika wote. Hao ni watazamaji wazoefu wa sinema ya dunia. Kinachowazuia kwenye tamasha ni nauli, saa ya onyesho na maandishi ya Kiingereza peke yake. La tatu ninalimudu mimi. Maandishi ya Kiswahili yanatengenezewa kifurushi kidogo cha nyongeza kinachoegemea kile kikubwa, bila kuigusa filamu yenyewe. Mistari miwili, herufi zisizozidi kama 40 kwa mstari, na mfasiri mwenye ujasiri wa kuacha maneno ambayo uso umeshayasema. Lakini lazima apate filamu mapema, na ayaone maandishi yake kwenye skrini kubwa kabla hatujaingiza watu.

Mapema hiyo haiko kwetu tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, hivyo Bodi ya Filamu nayo inahitaji nakala na muda. Wenzetu wa Zanzibar wamefanya tamasha lao la kimataifa tangu 1998, maonyesho makubwa yakiwa wazi Ngome Kongwe. Wao wana sharti lingine juu ya haya: mpaka jua lizame.

Anayeandaa tamasha Dar na akataka kuniajiri, nampa ombi moja kabla hatujazungumza malipo. Ukumbi uwe wangu asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa siku zote za tamasha na siku tatu za kabla yake. Vijana wanaotaka kujifunza kazi hii waruhusiwe kuingia saa hizo, wakae safu ya nyuma na daftari, wasikilize.

Mwaka huu mwenye ukumbi amekubali asubuhi mbili. Bado tunazungumza.