Homa ya ini: ukishapimwa usipotee (maswali tuliyoulizwa Mkunguni, Lamu)

Tumemaliza siku mbili za kupima watu homa ya ini, meza yetu ilikua Mkunguni pale mbele ya Ngome, na maswali yalikua mengi mpaka koo likanikauka, nikaona niyaandike hapa na majibu yake sababu najua wengine walikua na swali wakaona haya mbele za watu. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaani, si daktari. Haya ndio tunayofundishwa na ndio nayoyaona nikizunguka majumbani.

Swali: Hii homa ya ini si ndio ile homa ya manjano?
Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Homa ya manjano inaletwa na mbu. Macho kua manjano ni dalili tu, inaweza kuletwa na vitu vingi. Sisi tulikua tunapima hepatitisi B na C, virusi ambavyo vinaweza kukaa ndani ya ini miaka na miaka. Ile A na E ni za maji na chakula kichafu, nyingi hupita zenyewe.

Swali: Mimi nabeba magunia toka asubuhi, sina maumivu popote, ya nini nipimwe?
Kaka yangu, ni wewe haswa tunayekutafuta. Ini halina kelele, linaliwa polepole miaka ishirini, thelathini, na mwenyewe uko baharini unavuta nyavu kama kawaida. Siku utakayoanza kuona tumbo linajaa maji ama unatapika damu tayari ini limeshakua kovu tupu. Shirika la Afya Duniani lilisema kufikia 2022 watu milioni 254 duniani walikua na hepatitisi B ya kudumu, na katika kila 100 ni 13 tu walioambiwa na daktari kua wanayo. Yaani wengine wote wako kwenye baraza wanakunywa kahawa hawana habari.

Swali: Mnapima vipi, mnatoa damu nyingi?
Tone moja. Tunafuta kidole na spiriti, tunatoboa, ile damu ya kwanza tunaipangusa, ya pili ndio tunaitia kwenye kijiti cha kipimo na dawa yake halafu tunangoja kama robo saa. Mstari mmoja hauna virusi, miwili unavyo, ila kwa C miwili inaonyesha tu viliwahi kuingia mwilini, kipimo kingine cha damu ndio kinahakikisha kama bado vipo. Kuna mama alikaa robo saa nzima amefumba macho anasoma dua, alipofungua mstari ulikua mmoja, nikamwambia sasa mama usiende hivyo, anza chanjo, ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwisho wa 2001, kwa hivyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo ukiwa mdogo hukuchanjwa, usijidanganye.

Swali: Nimepatikana nayo. Ni mume wangu ameniletea?
Swali hili limevunja nyumba za watu, wallahi tulieni kwanza. Kweli hepatitisi B inapita kwa kujamiiana, lakini wengi wa huku kwetu Afrika waliipata siku ya kuzaliwa kutoka kwa mama ama wakiwa watoto wadogo. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika 100 kama 90 watakaa nayo maisha, mtu mzima akiambukizwa mwili wake mara nyingi unaifukuza, chini ya 5 katika 100 ndio inabaki nao. Kwa hivyo unaweza kua nayo tangu siku uliyozaliwa, kabla hujamjua huyo mume. Na ukiona mama, dada na kaka wote wanayo si kurogwa, wala nyumba haina kitu, ni virusi vimepita kwa mama. Waleteni wote wapimwe. Njia nyingine ni wembe wa kunyolea unaopita kichwa hadi kichwa, sindano, kutoga masikio, na hijama (kuumikwa damu) ikipigwa kwa wembe uliotumika, virusi vya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba kwenye damu iliyokauka. Hijama sikatazi, lakini wembe ufunguliwe mbele yako.

Swali: Nimtengee sahani na kikombe?
Usimtengee. Kula sinia moja, kumbatianeni, salimianeni. Wembe na mswaki tu ndio kila mtu na wake.

Swali: Mbona mliniambia ninayo halafu hamkunipa dawa? Mlinipima ya nini?
Huyu mzee alikasirika na ninamuelewa. Kuna wenye virusi ambao ini lao sai liko salama na hawahitaji dawa bado, kwa hivyo kwanza lazima vipimo vingine, hali ya ini, wingi wa virusi kwenye damu, na piksha ya tumbo kuangalia kama kuna kovu ama uvimbe. Kama ni mara yako ya kwanza utarudiwa baada ya miezi sita kuona kama imebaki. Ikionekana ini linaumia ndio unaanzishwa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, na mara nyingi ni miaka mingi ama maisha. Na asiyeanza dawa naye anarudi, sababu mambo hubadilika, leo uko sawa mwakani hauko.

Sasa hapa ndipo tunapoumia. Daftari langu la mwaka juzi lina majina, na mbele ya majina mengi nimeandika "hapatikani", namba imebadilishwa, ama mtu amerudi kisiwani kwao na bahari ya kusi imechafuka boti hazitoki, na nauli ya kuja Amu, yaani Lamu mjini, kila miezi sita si mchezo kwa mvuvi. Kuna mmoja wa Kizingitini tulimpima vizuri, akacheka, akasema atarudi, nilimuona tena baada ya miaka miwili anashushwa gatini na vijana wawili, tumbo limejaa maji na macho manjano kama binzari. Kijana mdogo. Vipimo alivyovikosa ni vya asubuhi moja tu. Ndio maana sai nachukua namba tatu, yako, ya mama ama mke, na ya jirani mwenye boti, na usinichoke nikikupigia.

Swali: Kopo la dawa wifi yangu ameliona, anasema ni za ukimwi.
Tenofovir inatumika kote kuwili, kweli, lakini wewe unatibiwa ini. Ukitaka twende pamoja nikamueleze. Usiziache kwa aibu, maana ukizikata ghafla virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na ini likashindwa ndani ya wiki chache.

Swali: Na hepatitisi C?
Hiyo haina chanjo lakini inapona! Vidonge vya wiki 12 na zaidi ya 95 katika 100 wanapona kabisa. Inapita sana kwa sindano, na pwani yetu vijana wanaojidunga unga (heroini) tunawajua, ni watoto wetu, wapimwe bila kutukanwa.

Swali: Kuna mzee ana dawa ya mizizi inasafisha ini.
Mitishamba mingine inaliumiza lile lile ini, mwambie daktari unachokunywa. Na mahindi yenye ukungu msisage, ile sumu ya aflatoksini ikikutana na hepatitisi B hatari ya saratani ya ini inapanda sana. 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100 huko Makueni na Kitui. Pombe pia, kwa anayekunywa, aache.

Swali: Nina mimba na ninayo.
Sema kliniki mapema. Unaweza kupewa dawa ukiwa na mimba ili virusi vipungue, na mtoto anafaa kuchanjwa ndani ya masaa 24, kwa hivyo uliza mapema utazalia wapi chanjo ipatikane. Kunyonyesha nyonyesha.

Swali: Ramadhani nitamezaje?
Kidonge ni kimoja kwa siku, hamisha saa yake iwe baada ya futari, kila siku wakati huo huo. Na ukienda Kiwayu ama unasafiri na jahazi wiki mbili tatu chukua za kutosha na ziada ya wiki, sababu huko hutapata pa kuzichukua, na nitumie meseji kabla hujatoka.