Imesajiliwa, kwa nini bima hailipi?

Jumamosi, kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, mweka hazina hajamaliza hata kusoma majina ya walioahidi, baba mdogo akanisogelea na simu mkononi. "Mwanangu, wewe si mfamasia? Hii dawa imesajiliwa na TMDA, Ulaya wanaitumia, halafu bima haitaki kulipa. Mnakaa huko kupigia hesabu roho za watu?"

Ni mara ya nne mwaka huu naulizwa hivyo. Nilimjibu vibaya, kwa mkato, naye akanuna mpaka wakati wa chakula. Hapa najibu upya.

Usajili ni ruhusa ya kuingia sokoni, basi. Mamlaka ya dawa, kwa Tanzania ndiyo TMDA, inaangalia ubora, usalama, na kama dawa inafanya kazi. Inafanya kazi kuliko nini? Swali hilo halimo lazima kwenye cheti. Dawa inaweza kusajiliwa kwa kushinda kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Anayelipa, awe bima au wizara, ana swali jingine kabisa: mgonjwa atapata nini zaidi ya anachopata leo, na hela hiyo itatoka kwenye fungu la nani? Mshambuliaji mzuri anakosa namba kwa sababu tu aliyepo anafunga vilevile na mshahara wake ni mdogo. Hakuna anayesema hajui mpira.

Nichukue dawa niliyoishika kwa mikono. Nilipokuwa intern, malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ya dripu. Dozi ya kwanza miligramu 20 kwa kila kilo, iingie kwa muda wa saa nne, kisha 10 kwa kilo kila baada ya saa nane. Fikiria kuhesabu matone usiku kucha katika wodi yenye watoto wawili kila kitanda na nesi mmoja. Matone yakikimbia, unahofia moyo. Tena kwinini inashusha sukari, na mtoto aliyeshuka sukari hana tofauti kwa macho na mtoto ambaye malaria imempanda kichwani. Unamtoboa kidole, kama stripu za kupimia hazijaisha.

Artesuneti ya sindano ni poda kwenye kichupa. Unaiyeyusha kwa bikaboneti, unatikisa mpaka iwe maji maangavu, unaongeza maji ya dripu, unasukuma taratibu kwa dakika chache. Unarudia baada ya saa 12, na tena ikitimia saa 24. Kila dozi ukishaisukuma umemaliza, unahamia kitanda cha pili.

Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya jaribio la AQUAMAT: watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Katika waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, katika waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Sasa tazama mchezo unavyochezwa. Muuzaji atakwambia vifo vimepungua kwa asilimia 22. Ni kweli. Mbishi atatoa 8.5 kwenye 10.9, aseme tofauti ni watoto 2.4 tu kwa kila 100. Naye ni mkweli. Mimi napenda kusema hivi: ukitibu watoto wapatao 41 kwa artesuneti badala ya kwinini, mmoja ambaye angezikwa anarudi nyumbani. Artesuneti ilikuwa na bei ya juu kuliko kwinini, wachumi wakakaa na takwimu za jaribio hilohilo wakakuta kila kifo kilichozuiwa kimeongeza gharama ya dola 123. Mwaka 2011 WHO ikaipendekeza kwa watoto. Kwa hiyo, baba mdogo, ile hesabu ya roho unayoilaani ndiyo iliyoitetea dawa ya bei kubwa.

Dawa aliyonionyesha kwenye simu ni ya saratani. Nikasoma. Ushahidi wake wote ni kwamba uvimbe unachelewa kukua kwenye picha. Kuhusu watu kuishi muda mrefu zaidi, kimya. Hapa huwa napoteza uvumilivu, kwa sababu tumeshaungua. Huko Marekani, waliopona shambulio la moyo walikuwa wakipewa enkainidi na flekainidi kutuliza mapigo yanayoruka. Mapigo yalitulia kweli, karatasi ya ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, ikapendeza. Jaribio la CAST likaja kuonyesha, mwaka 1989, kwamba waliokuwa wakimeza dawa hizo walikufa zaidi kuliko waliomeza vidonge vitupu. Avastin nayo ilikubaliwa huko mwaka 2008 kwa saratani ya matiti iliyosambaa, kwa hoja hiyohiyo ya uvimbe kuchelewa. Mwaka 2011 kibali hicho kikafutwa: haikuonyeshwa kwamba wanawake wale waliishi zaidi, na madhara yalikuwepo.

Ila nisijifanye upande wetu, sisi tunaopima kama dawa inafaa kulipiwa, hesabu zimenyooka.

Tunapima faida kwa DALY, yaani mwaka mmoja wa afya uliopotea kwa maradhi au kifo. Kwa miaka mingi tulikuwa na kanuni rahisi: ikiwa kuokoa mwaka huo kunagharimu chini ya mara tatu ya pato la taifa kwa mtu mmoja, dawa inafaa. Ukiifuata, karibu kila kitu kinafaa, na bajeti inakauka kabla ya Krismasi. Mwaka 2016 wataalamu wa WHO wenyewe waliandika kwamba isitumike peke yake kukatia shauri. Bado naikuta kwenye ripoti. Mimi mwenyewe nimeiandika, kwa sababu kamati inataka mstari wa kukatia na sikuwa na mwingine.

Kuna linalonisumbua zaidi. Kila maradhi yamepewa uzito: 0 ni afya kamili, 1 ni sawa na kufa. Upofu zamani ulikuwa karibu 0.6. Katika hesabu za dunia za mwaka 2010 ukashuka hadi 0.195, baadaye 0.187. Uzito ukishuka, faida ya kuzuia upofu kwenye hesabu zetu inashuka nayo. Vipofu hawakupata nafuu usiku mmoja. Zamani waliulizwa wataalamu. Safari hii waliulizwa watu wa kawaida, wakiwemo wa majumbani Tanzania, nani mwenye afya zaidi kati ya watu wawili. Ukiuliza hivyo unajibiwa kihalali kabisa: kipofu ni mzima, ila haoni.

Babu yangu alipofuka kwa presha ya macho. Alitambua noti kwa kuzipapasa, na kijana wa dukani akawa anamrudishia chenji pungufu. Mwezi uliopita nilikuwa na jedwali la sindano ya macho (Avastin ileile, safari hii kwa dozi ndogo ndani ya jicho, na huko inasaidia). Nikafika kwenye safu ya uzito wa upofu. Nikakaa. Nikaandika 0.187, nikaenda safu inayofuata.