Kwa nini pundamilia wa Ziwa Mburo hawamkimbii mtu aliyepanda farasi?

Mfuate pundamilia kwa miguu na mara nyingi utaishia kuona mgongo wake. Anakugundua ungali mbali, anainua kichwa, anatoa mlio wake wa kubweka, kisha kundi zima linatimua vumbi. Lakini mtu huyo huyo akipanda farasi na kulisogelea kundi lile lile polepole, wao wanaendelea kula. Wengine hata hupiga hatua mbili tatu mbele ili wamtazame vizuri. Ndicho kinachowashangaza wageni wanaokwenda kupumzika kwenye mashamba ya ng'ombe yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, kama kilomita 240 kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka na Mbarara.

Sababu ya kwanza ni umbo. Mnyama wa porini humtambua binadamu kwa namna anavyosimama wima juu ya miguu miwili, na umbo hilo kwa vizazi na vizazi limekuja na mkuki, upinde, kisha bunduki. Akiwa juu ya tandiko, mtu hupoteza umbo hilo: kinachoonekana ni mnyama wa miguu minne mwenye nundu ya ajabu mgongoni. Ya pili ni harufu. Jasho la farasi ni kali kuliko letu, na upepo ukivuma linaifunika harufu ya mpandaji. Ya tatu ni kwamba farasi anatembea kama mnyama anayekula majani: anasimama, anainamisha shingo, anang'ata nyasi ambazo hakuruhusiwa kung'ata, anaendelea. Hana mngurumo wa injini wala mlango wa kubamizwa. Na kwa pundamilia, farasi ni kama binamu wa mbali, kwani wote ni wa jenasi moja.

Mpandaji naye hufaidika. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Waongozaji wazoefu hutazama masikio ya farasi kabla ya kutazama kichaka. Yote mawili yakielekea upande mmoja na kukaza, huko kuna kitu, hata kama wewe huoni chochote zaidi ya majani.

Hapo msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, mbona safari za farasi hazikuenea Murchison Falls au Queen Elizabeth, hifadhi kubwa zenye majina? Kwa sababu huko kuna simba na tembo. Simba anapenda nyama ya pundamilia, na hana sababu ya kumwona farasi kuwa kitu tofauti. Tembo naye hahitaji sababu. Ziwa Mburo haina tembo, na simba walimalizwa miongo mingi iliyopita. Akionekana mmoja huwa habari ya kusimuliwa. Chui wapo, fisi wapo, viboko wamejaa ziwani. Nyati ni wengi pia, na hao ndio waongozaji huwaogopa kweli, hasa dume mzee aliyejitenga na kundi. Lakini kwa ujumla ni nchi ambayo farasi anaweza kutembea bila kuwindwa.

Utulivu huo anaoulipia mgeni haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na ugomvi mrefu kati ya ng'ombe, mbung'o na serikali.

Nyika ya Nyabushozi, inayoizunguka hifadhi hii, ni malisho ya Wahima tangu zamani, wafugaji wa ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama matao. Katikati ya karne iliyopita mbung'o walizidi. Mdudu huyu akifyonza damu huambukiza vimelea vya nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe mpaka anaanguka, na farasi hali kadhalika. Wanyamapori wengi hubeba vimelea hivyo bila kuugua. Basi serikali ya wakati huo ikafikiri hivi: ukiwaondoa wanyamapori, mbung'o hana pa kufyonza, atakufa njaa. Vichaka vikafyekwa, na wawindaji wakalipwa kuua wanyama. Kwa macho ya leo ni jambo la kutisha, ila mfugaji aliyekuwa akipoteza zizi zima hakuliona hivyo.

Ardhi iliyosafishwa ikakatwa. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, ulianzishwa mradi wa ranchi za Ankole na Masaka, kila ranchi ikiwa na takriban maili tano za mraba. Waliopata walipata, wengi waliobaki nje walikuwa wafugaji wa kawaida wenye ng'ombe na bila hati. Mwaka 1983 serikali ya Obote ikatangaza Ziwa Mburo kuwa hifadhi ya taifa na kuwafukuza waliokuwa wakichunga ndani. Serikali hiyo ilipoanguka 1985, waliofukuzwa walirudi kwa hasira, wakawatimua wafanyakazi wa hifadhi na kuua wanyama wengi, kwa hoja rahisi: wakiisha wanyama, hakuna tena sababu ya hifadhi. Serikali iliyofuata ya Museveni, ambaye mwenyewe ni mtoto wa wafugaji wa magharibi, iliipunguza sana hifadhi na kuwapa watu ardhi. Leo inatajwa kuwa na kilomita za mraba 370. Mwaka 1990 ukaanza mpango wa kuzigawanya ranchi zile kubwa ili waliokuwa wakiishi humo bila haki wapate sehemu yao. Kati ya misukosuko hiyo yote simba, adui wa kila zizi, hakuwa na mtetezi.

Sasa tazama ramani. Hifadhi ndogo isiyo na uzio, na kuizunguka, mashamba ya ng'ombe. Ungetarajia wanyama wajibane ndani. Kinyume chake, pundamilia na swala pala wengi huonekana nje, wakila pamoja na ng'ombe. Ndani ya hifadhi mti mmoja wa jamii ya migunga umeenea mno, kwa kuwa hakuna tembo wa kuuvunja. Kichaka kikifunga, nyasi hupungua, na chui hupata pa kujificha. Ndiyo maana mwaka 2015 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilihamishia hapo twiga 15 kutoka Murchison Falls: wageni watazame shingo, na shingo zile zisaidie kula migunga. Kwenye mashamba, mfugaji hufyeka vichaka, ng'ombe huziweka nyasi fupi na laini, na kuna mabwawa ya maji. Pundamilia si mjinga.

Je, wanaila riziki ya ng'ombe? Inategemea mvua. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Laikipia, Kenya, walichapisha matokeo yaliyowashtua wafugaji wa pande zote: wakati wa kiangazi, ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyamapori waliongeza uzito kidogo kuliko waliokuwa peke yao, lakini wakati wa mvua waliongeza zaidi. Sababu ni matumbo. Pundamilia hacheui, hula mabua makavu na magumu ambayo ng'ombe huyakwepa, na akishayaondoa, machipukizi mapya hubaki wazi. Kwa hiyo mfugaji wa Nyabushozi anayelalamika mwezi wa saba hadanganyi, na mhifadhi anayesema wanyama wana faida naye hadanganyi. Wanazungumzia miezi tofauti.

Wazo la kumlaza mgeni shambani na kumtoza pesa lenyewe ni la mbali. Huko Marekani, ndugu watatu wa ukoo wa Eaton waliokuwa na ranchi Dakota walichoshwa na marafiki wa mjini waliokuja kuwinda na kula bure, na katika miaka ya 1880 wakaanza kupokea malipo. Biashara ikanoga, na kufikia 1926 wenye ranchi za wageni walikuwa na chama chao, wakishirikiana na kampuni za reli zilizotaka abiria. Uganda haikuwa na reli ya kuwaleta watu Nyabushozi. Imetumia lami na kiu ya watu wa Kampala kupumua hewa isiyo na moshi wa bodaboda.

Siku ya shambani huanza kabla ya jua. Mtu akikwambia utaamshwa na ndege, usimwamini. Utaamshwa na ng'ombe. Moto wa samadi huwashwa zizini ili moshi ufukuze inzi, ndama huletwa mmoja mmoja kwa mama yake, na maziwa hukamuliwa kwenye chombo cha mti kilichofukizwa kwa nyasi maalumu. Ladha ya moshi ndani ya maziwa yale wengine hawaizoei. Mimi naona bila hiyo ni maziwa ya dukani. Ng'ombe huitwa kwa rangi zao, na yule wa hudhurungi iliyoiva, bihogo, ndiye fahari ya zizi. Mezani kuna ugali wa wimbi na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli ambao wenyeji huuheshimu kuliko nyama. Lugha ya zizini ni Kinyankole. Kiswahili nacho hufika mbali, kwa kuwa Karagwe ya Tanzania iko upande wa pili wa mpaka, na mzee aliyewahi kutumikia jeshi atakujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chako. Msalimie kwa shikamoo uone atakavyocheka.

Baada ya kifungua kinywa ndipo farasi hutandikwa. Asiyewahi kupanda hupewa farasi mpole na mtu wa kushika hatamu. Mzoefu anaweza kuachiwa aende shoti uwandani. Kuna jambo dogo wageni hulalamikia: farasi hurudishwa mapema, kabla jua halijazama, hata kama picha nzuri ndiyo kwanza zinaanza. Kuna ugonjwa wa virusi uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, na aina yake kali huua wengi mno wa wanaoupata. Unaenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Na anayeuhifadhi ugonjwa huo bila yeye kuumwa ni nani? Pundamilia. Mnyama uliyekuja kumwona ndiye ghala la virusi vinavyoweza kumuua mnyama aliyekubeba. Hivyo farasi huchanjwa, hupuliziwa dawa na kulala bandani. Ukiongeza mbung'o na kupe, utaelewa kwa nini farasi ni wachache Uganda na kwa nini saa moja juu yake ina bei.

Si ranchi zote zilizochagua kuchanganya ng'ombe na wanyamapori. Huko Nakasongola, kaskazini mwa Kampala, shamba lililokuwa ranchi ya ng'ombe sasa ni makazi ya vifaru yaitwayo Ziwa, kilomita za mraba kama 70 zenye uzio wa umeme. Vifaru walikuwa wametoweka nchini kufikia 1983. Mwaka 2005 na 2006 waliletwa sita, wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani, na mtoto wa kwanza alizaliwa 2009. Kwa kuwa mama alitoka Marekani na baba Kenya, walimwita Obama. Hapo mgeni hutembea kwa miguu nyuma ya askari wa wanyamapori.

Kule Mburo swali gumu ni la pesa. Kwa mujibu wa sheria ya Uganda wanyamapori ni mali ya serikali, hata wakilala kwenye shamba lako na kunywa bwawa lako. Sheria ya 1996 iliruhusu haki za kuwatumia, na kuanzia 2001 uwindaji wa kulipia ulijaribiwa kwenye mashamba ya hapo ili wenye ardhi wapate chochote. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nayo, na sheria ya 2019 ikaongeza fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyama. Lakini asilimia 20 hujenga darasa au zahanati. Haimlipi Mzee fulani aliyeliwa ndama na chui usiku wa jana. Loji zinazolipa kodi ya njia au kumpa mwenye shamba sehemu ya kila safari ya farasi ndizo, kwa maoni yangu, zinazobadilisha mawazo ya watu kweli.

Loji hizo zinashindana na biashara ya maziwa. Kiruhura, wilaya iliyo na hifadhi hii, na wilaya jirani ni kitovu cha maziwa ya Uganda, na lori la kukusanya hupita kila siku, msimu wa wageni uwepo usiwepo. Mfugaji anayetaka maziwa mengi huacha pembe ndefu na kuchukua mchanganyiko wa Friziani, ng'ombe anayehitaji josho, malisho yaliyopangwa na, zaidi ya yote, seng'enge. Waya hiyo pundamilia hairuki, na vipande vya ardhi vinavyogawanywa kwa watoto kila kizazi huja na waya mpya. Ukipanga kwenda, nenda kati ya Juni na Agosti au Desemba na Februari, kukiwa kukavu na wanyama wakikaribia maji, na kabla ya kulipia uliza jambo moja: farasi watapita kwenye mashamba ya nani, na wenyewe wanalipwa nini?