Pumzi Hutangulia, Kano Hufuata: Kuanza Kukimbia Baada ya Miaka 45

Mama aliyeingia katika idara yetu ya fiziotherapia hapa Kisumu alikuwa akichechemea mguu wa kulia. Ana miaka 51, anauza omena, na alikuwa ameanza kukimbia wiki sita kabla baada ya kuambiwa kliniki kwamba presha yake inapanda. Mwanzoni, alinieleza, hakuwa anafika hata kona ya pili kabla ya kusimama na kushika kiuno. Wiki ya tano alikimbia dakika 40 mfululizo, kesho yake akarudia, na asubuhi iliyofuata akaona kukanyaga sakafu ni shida.

"Daktari, mbona naumia sasa? Nilipokuwa sijiwezi sikuumia. Pumzi ndiyo kwanza imenikubali."

"Hapo hapo ndipo penye tatizo, mama," nikamjibu.

Nilipobana kano ya nyuma ya mguu kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vitatu hivi juu ya kisigino, aliuvuta mguu ghafla. Kano hiyo ilikuwa imenenepa kuliko ya kushoto.

Wengi wa wanaoanza kukimbia wakiwa na umri mkubwa huja kwetu wakiwa na hadithi inayofanana na hiyo. Wanaogopa siku ya kwanza, wanaogopa macho ya majirani na vijana wa bodaboda wanaouliza mzee anafukuzwa na nani, kumbe kipindi cha kuogopa kiko mbele, pale mwili unapoanza kujisikia mwepesi. Nataka nieleze sababu yake, kwa kuwa ukiielewa sababu utaweza kujizuia.

Moyo na damu hujifunza haraka. Ndani ya wiki moja au mbili za mazoezi, maji ya damu huongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mlima uliokuwa ukikutoa jasho unakuwa wa kawaida. Misuli nayo haichelewi sana. Lakini kano, yaani zile kamba ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo na hujijenga kwa miezi. Baada ya mazoezi makali, kwa saa 24 hadi 36 hivi, kano huwa inabomoka kuliko inavyojengeka, ndipo ujenzi unashika kasi. Ukikimbia tena kabla ya hapo unabomoa juu ya kubomoa. Mfupa ni vivyo hivyo: huondoa kwanza sehemu iliyochoka kisha huweka mpya, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo katika wiki ya tano una pumzi ya mtu mpya juu ya kano za mtu wa zamani.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Kila unapokanyaga ukikimbia, ardhi inakurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kano ya kisigino hubeba zaidi ya hapo, mara sita hivi.

Dawa yake ni kukimbia siku tatu kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo, na kuongeza kidogo kidogo hata pale unapohisi unaweza mara mbili yake. Kama umekaa miaka bila mazoezi, tembea kwanza kwa wiki mbili au tatu, nusu saa kwa siku, mwendo wa mtu anayewahi matatu. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Wiki inayofuata baki hapo hapo. Halafu kimbia dakika mbili, tembea mbili. Kufikia nusu saa bila kusimama kunaweza kuchukua miezi mitatu au minne, na mtu wa miaka 60 akichukua sita sina neno naye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kutembea kwa kasi kumo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo dakika za kutembea hazipotei bure.

Kasi usiipime kwa saa ya mkononi. Ukikutana na mtu njiani, mwambie "oyawore", salamu ya asubuhi ya Kijaluo, muulize habari za nyumbani, usikie jibu na uitikie. Ukishindwa kumaliza salamu, umekwenda mbio mno. Watu wanafikiri kukimbia ni kuhema. Nendeni Iten mkawatazame wanariadha wenyewe asubuhi ya mazoezi mepesi: wanaanza taratibu kiasi kwamba mtu wa kawaida angeweza kufuatana nao dakika za mwanzo. Wale ni mabingwa, na bado wanaupa mwili muda wa kuamka.

Sasa zoezi ambalo wengi wanaliruka, na mimi naliona ndilo la maana kuliko yote kwa mtu aliyepita miaka 45. Simama kwenye kipandio cha ngazi, nusu ya mbele tu ya nyayo ikiwa juu yake, ushike ukuta. Inuka kwa vidole ukihesabu tatu, kaa juu kidogo, kisha shuka ukihesabu tatu mpaka visigino vipite chini ya ukingo. Mara kumi na mbili, pumzika, rudia raundi tatu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, kuanzia zile wiki za kutembea tu. Miguu yote miwili ikizoea, inuka kwa mmoja mmoja. Kama nyumba haina ngazi, kizingiti cha mlango kinatosha. Ongeza kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote. Msuli hupungua kila muongo kuanzia miaka ya thelathini, na mbio peke yake hazirudishi nguvu yote. Ndiyo maana mwongozo ule ule unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki.

Kuhusu magoti, niseme wazi kwa sababu swali hili naulizwa kila wiki: kukimbia kwa kiasi hakuchakazi goti lenye afya. Uzito mkubwa na majeraha ya zamani ndivyo vinavyoliharibu zaidi. Goti ambalo tayari limevimba lionwe kwanza.

Raba za mitumba si vibaya, na pale soko la Kibuye unaweza kupata nzuri. Ila usidanganywe na kitambaa kisafi. Geuza kiatu, utazame kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, kiache. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma; kikiinama upande kama mlango uliolegea, kiache. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekufa hata kama juu panang'aa. Kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vyako, maana mguu huvimba ukikimbia.

Joto la ziwa nalo lina mambo yake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imebeba unyevu, hivyo jasho linatiririka bila kukauka na mwili haupoi. Kimbia asubuhi, kukishapambazuka. Gizani madereva hawakuoni, na kina mama ni vyema waende wawili au watatu. Shika upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama, ila geuka nyuma mara kwa mara kwa sababu bodaboda hupita kando bila kujali upande. Barabara ya kuelekea Dunga asubuhi ni tulivu kuliko Kondele. Jioni za masika ngurumo zikianza, rudi nyumbani. Radi za ukanda huu wa magharibi huua watu. Na ukisafiri kwenda Nakuru, ambako ni mita 1,850 hivi, usishangae pumzi ikikukatikia mapema. Hewa ya huko ni nyepesi, punguza mwendo.

Kabla ya yote pima presha na sukari. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usikimbie mpaka ishushwe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide apime kabla ya kutoka na abebe kitu chenye sukari, kisha akague nyayo akirudi, maana ganzi huficha kidonda. Anayemeza atenolol, dawa ya presha, asipime bidii yake kwa mapigo ya moyo. Dawa hiyo huyazuia kupanda. Atumie kipimo kile cha salamu. Mwenye selimundu azungumze na kliniki yake kwanza. Ukiwa na homa, iwe ya malaria au nyingine yoyote, pumzika.

Kuna dawa moja ambayo watu hawaitilii shaka. Ciprofloxacin, ambayo wengi hupewa kwa homa ya matumbo au maambukizi ya mkojo, inaweza kudhoofisha kano hata ikakatika, hasa kwa aliyepita miaka 60 au anayetumia pia dawa za steroidi. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba unakimbia. Kano ikianza kuuma katikati ya dozi au wiki chache baadaye, acha mbio na urudi kwake siku hiyo hiyo.

Maumivu mengine unaweza kuyavumilia. Yakiwa chini ya tatu kati ya kumi na yakaisha kufikia asubuhi, endelea. Yakizidi hapo, rudi hatua moja nyuma. Ukiweza kuonyesha kwa ncha ya kidole mahali pamoja kwenye mfupa panapouma, simama kabisa uje tukuone. Huenda ni ufa mwembamba, na kina mama waliokoma hedhi wako hatarini zaidi. Kifua kubana, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, ni hospitali moja kwa moja, si kesho.

Kina mama, jambo jingine ambalo mnalinong'ona mlangoni wakati wa kuondoka: mkojo kuponyoka mkikimbia. Ni jambo la kawaida, hasa kwa waliozaa, na lina mazoezi yake ya kukaza misuli ya chini ya nyonga. Tunayafundisha kila siku. Msiache kukimbia kwa ajili ya hilo, na msiache kunywa maji.

Yule mama wa omena hatukumlaza kitandani. Alitembea, akainuka kwa vidole kwenye ngazi ya nyumbani kwake asubuhi maji ya chai yakichemka, na baada ya wiki nne akaanza upya dakika moja kwa mbili. Ilimchukua miezi mitano kurudi kwenye dakika 30. Presha yake imeshuka kidogo, bado anameza vidonge vyake, na Jumatano na Jumapili anatembea tu.