Injini ya Ndege Ndogo Inapomisi: Swali la Kwanza ni "Ilianza Lini?"

Uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu injini zinazoletwa karakanani zikitetemeka au, kama mafundi wanavyosema, zikimisi. Hewa ya huku ni nyepesi; shinikizo lake ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Rubani anayetembeza ndege ardhini bila kupunguza petroli kwenye mchanganyiko huipa injini mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuyaunguza, na petroli ya ndege aina ya 100LL, tofauti na ile ya magari, bado ina madini ya risasi. Silinda isipopata joto la kutosha, risasi hiyo haitoki yote na moshi, bali nyingine huganda kwenye plagi.

Ukiifungua plagi ya chini ya silinda kama hiyo na kuilaza kiganjani, utaona kati ya kauri na ganda la chuma punje ngumu za kijivu, ndogo kama mbegu za wimbi. Punje moja ikikaa vibaya, cheche hairuki tena.

Lakini plagi chafu si chanzo pekee cha kumisi, ndiyo maana sisi mafundi humwuliza rubani kwanza hali hiyo ilianza lini. Kila silinda ina plagi mbili, na kila moja hupata umeme kutoka magneto yake, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kizalishe umeme wa cheche. Mwongozo wa Cessna 172N, kwa mfano, unataka magneto zijaribiwe ardhini, moja moja huku nyingine imezimwa, kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, na kasi isishuke kwa zaidi ya mizunguko 125 kwa magneto yoyote, wala tofauti kati yazo isizidi 50. Injini ikitetemeka kwa magneto moja tu, kosa liko upande huo: plagi, waya au magneto yenyewe. Fundi huiendesha kwa muda mfupi kwa magneto hiyo, huizima, kisha hupima joto la mabomba ya moshi, na bomba lililo baridi kuliko mengine humwonyesha silinda isiyowaka.

Ikianza angani, hasa katika baridi yenye unyevu ya mwezi wa Julai, shuku kwanza barafu ndani ya kabureta. Rubani akifungua hewa ya moto, injini inaweza kutetemeka zaidi kwa muda kwa sababu inameza maji ya barafu inayoyeyuka, na wanafunzi wengi huogopa wakairudisha. Tafadhali usiirudishe, ngoja barafu iishe.

Mtetemo wa asubuhi unaotoweka injini ikipata joto usipuuzwe, kwani huenda valvu ya moshi inakwama. Ule wa kasi ya chini pekee mara nyingi hutokana na hewa inayopenya kwenye mabomba ya kuingizia hewa.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyotetemesha kitu. Kasi isiposhuka hata kidogo unapojaribu magneto, wengi hufurahi, kumbe huenda waya wa kuizima umekatika na magneto iko hai hata ufunguo ukiwa umetolewa. Propela ya ndege hiyo ikizungushwa kwa mkono, injini inaweza kuwaka na kumkata aliyesimama mbele yake. Tundika kibao cha onyo, waondoe watu, na mtu asiiguse mpaka fundi aurekebishe waya huo.