Picha za Vipokezi vya Ubongo: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Ukidungwa dawa yenye mionzi ili ubongo upigwe picha, mionzi hiyo hubaki mwilini maisha yako yote.

Hofu hii naielewa, maana tumezoea kusikia mionzi ikitajwa pamoja na mabomu. Lakini mionzi ya dawa hizi hufifia yenyewe: nguvu ya kaboni-11, moja ya chembe za mionzi zinazofungwa kwenye dawa hizo, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi, na ndiyo maana hutengenezwa karibu kabisa na alipo mgonjwa. Nyingine hupungua kwa nusu polepole zaidi: florini-18 kila baada ya dakika 110 hivi, iodini-123 kila baada ya saa 13 hivi. Tahadhari ya kweli ipo kwa mjamzito na anayenyonyesha: wamweleze daktari mapema.

Dhana: Dawa hiyo itaubadili ubongo.

Kinachodungwa ni mikrogramu chache, mara nyingi hata chini ya hapo. Mwaka 1983 daktari Henry Wagner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, hakuiogopa: alijitolea ubongo wake mwenyewe upigwe picha ya vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva.

Dhana: Picha ikionyesha kasoro, basi ni Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaotokana na kufa kwa neva za dopamini.

Hapa ndipo ninapotamani tuelewane, kwa sababu familia hupokea jibu la picha kama hukumu. Ioflupani, dawa ya picha yenye iodini-123 inayotumika sana kwa wanaotetemeka, haishiki vipokezi. Hushika visafirishaji, yaani milango inayoirudisha dopamini ndani ya neva iliyoitoa. Neva hizo zikifa, milango hutoweka nazo, na yale maumbo mawili yanayoonekana kwenye picha ya ubongo mzima, yanayofanana na alama ya mkato, hufifia mkiani, yakabaki kama nukta.

Kwa hiyo picha hutenganisha Parkinson na yale matetemeko ya mikono yasiyotokana na kufa kwa neva za dopamini. Haiwezi kuitenga Parkinson na ndugu zake, kama ule ugonjwa unaodhoofisha mifumo mingi ya ubongo kwa pamoja, kwa kuwa nao huziua neva zilezile.

Rakloprida, dawa nyingine ya picha yenye kaboni-11, hutazama ng'ambo ya pili: vipokezi vya aina ya D2 kwenye seli zinazopokea dopamini. Katika Parkinson changa vipokezi hivyo huwa vimesalimika, pengine hata vimeongezeka. Katika ugonjwa wa mifumo mingi mara nyingi vimepungua. Hata hivyo, daktari huisoma picha sambamba na mwendo wa mgonjwa, ukakamavu wa viungo vyake na dawa anazotumia, kwani baadhi ya dawa hugombania milango ileile na ioflupani.