RTX 4060 zote ni chipu moja: unacholipia ni feni, bati na waranti

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaokuja kuunganishiwa kompyuta za gemu ni hili: nichukue ASUS, MSI, Gigabyte au Zotac? Kijana ameshaamua anataka RTX 4060, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu), pesa kaikusanya, halafu anafika Kariakoo anakuta maboksi manne yenye jina moja na bei nne. "Kaka, hii ya feni tatu si ndiyo kali zaidi?" Namwambia, mdogo wangu, chipu ni ileile, tukae tuzungumze.

Nvidia, kampuni iliyobuni chipu hiyo, haikutoa RTX 4060 yenye nembo yake peke yake. Tangu kadi hii ilipoingia sokoni Juni 2023 kwa bei elekezi ya dola 299, kila moja unayoiona imeundwa na kampuni iliyochukua chipu kwa Nvidia, ikaiwekea bodi, saketi za umeme, bati la kupozea, feni na boksi. Chipu yenyewe, AD107, inatengenezwa na TSMC, kampuni ya viwanda vya chipu ya Taiwan, na ina kore (vitengo vidogo vya kupiga hesabu) 3,072, iwe kwenye boksi la bei ya chini au kwenye lile lenye mataa. Memori ni GB 8 kote, na njia yake ya kupitishia data ni biti 128 kote. Tofauti ya chipu ambayo kampuni hizo huitangaza ni kasi iliyopandishwa kiwandani. Nvidia imeandika megahezi 2,460. MSI Ventus 2X OC inaandika 2,490, na ndugu yake Gaming X inaandika 2,595.

Ukipiga hesabu kwenye karatasi unaona asilimia tano na kitu. Kwenye gemu huzioni. Kadi za siku hizi zinajipandisha zenyewe kupita namba iliyoandikwa, mradi joto na umeme vinaruhusu, kwa hiyo hata ile ya bei ya chini inaipita 2,460 kwa raha. Mwisho wa yote, pale toleo moja linapotoa fremu (yaani picha) 100 kwa sekunde, jingine linatoa 101 au 102. Macho ya mchezaji hayawezi kuliona hilo, na mimi simshauri mtu alipie.

Feni na bati ni habari nyingine, na hapa ndipo hali ya hewa yetu inapoingia. Majaribio mengi tunayoyasoma mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23. Chumba cha Dar mwezi wa Februari, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu, kinapita 30. Joto la chumba likipanda nyuzi 10, la chipu nalo hupanda karibu kiasi hichohicho, la sivyo feni zizunguke kwa nguvu zaidi na kelele iongezeke. Kadi haiungui. Inajipunguza kasi kidogokidogo, megahezi 15 kwa hatua, na kikomo cha joto alichokiandika Nvidia ni nyuzi 90.

Hata hivyo, tazama wati kabla ya kuhesabu feni. RTX 4060 inakula wati 115 tu. Huo ni mzigo mdogo, na bati la feni mbili lenye mabomba ya shaba yanayogusa chipu vizuri linaubeba hata kwenye joto letu. Feni ya tatu hapo inakupa ukimya zaidi, basi. Ungekuwa unanunua RTX 3080 ya wati 320, au RX 7900 XTX ya AMD, mshindani wa Nvidia, ya wati 355, ningekwambia usithubutu kuchukua toleo la bati jembamba, kwa sababu huko tofauti ya bati unaisikia masikioni na unaiona kwenye fremu. Wati zikipanda, ndipo pesa ya bati inapokuwa na kazi.

Kitu ambacho sanduku halikuambii ni vumbi. Kadi iliyokaa mwaka kwenye kibanda cha gemu kando ya barabara isiyo na lami, ukiifungua, unakuta mapezi ya alumini yamefunikwa na zulia la kijivu chini ya kila feni, na hewa haipiti tena. Fundi anashika jani la feni kwa kidole lisizunguke, anasugua kwa brashi laini ya rangi, anapuliza kutokea upande wa pili. Kwa hiyo mimi hupenda matoleo ambayo feni zinafunguka bila kung'oa bati lote, maana ukiling'oa unalazimika kupaka dawa ya joto upya na kuangalia vipande laini vya juu ya memori visichanike. Sapphire, ambao kwenye grafiki wanatengeneza kadi za AMD peke yake, walianza mwaka 2016 kuuza kadi ambazo feni yake inatoka kwa skrubu moja. Hilo nalithamini kuliko mataa yote ya rangi.

Kuna mahali jina moja linaficha kadi mbili tofauti kabisa, na hapo usizubae. RTX 3060 ya GB 12 ina njia ya memori ya biti 192. Ile ya GB 8 iliyokuja baadaye ina biti 128, na inazidiwa waziwazi. GT 1030 ndiyo mbaya zaidi: yenye memori ya aina ya GDDR5 inasafirisha GB 48 kwa sekunde, yenye memori ya DDR4 haifiki 17. Huo si mchezo wa watengenezaji, lakini mnunuzi anayetazama nembo ya ASUS au MSI tu hataliona. Soma aina na ukubwa wa memori kabla ya kusoma jina la kampuni.

Sasa bei. Toleo la kifahari la 4060 likianza kuikaribia bei ya RTX 4060 Ti, kadi ya daraja la juu yake, liache. Ti ina kore 4,352, na hakuna feni inayoziba pengo hilo.

Waranti nayo inataka maswali. Kadi nyingi zinazouzwa kwetu zimepitia Dubai, na waranti ya mtengenezaji mara nyingi hufuata nchi kadi ilikouzwa kwanza. Muulize muuzaji: ikifa mwezi wa nane, naileta kwako au naipeleka wapi? Jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kadi. Kati ya toleo la kifahari lisilo na mwenyewe na la kawaida lenye mwaka mmoja wa duka linalojulikana, mimi nachukua la kawaida.

Halafu pima kasha lako kwa rula. Ventus 2X ina urefu wa kama sentimita 20, Gigabyte Gaming OC ya feni tatu inafika 28, na makasha madogo mengi hayaipokei hiyo ya pili mpaka ung'oe kishikio cha hadi disiki.